Uzi: Hedi ya injini ndogo juu ya bloku kubwa (4A na 5A juu ya 7A, 3L juu ya 5L)

fundi_kwerekwe (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum wanajukwaa.

Nafungua uzi huu kwa sababu jambo lenyewe limekuwa la kila siku hapa Unguja, na wengi wanalifanya kwa kubahatisha. Gari imechemsha, hedi (kifuniko cha juu cha injini chenye valvu) imepinda au imepasuka. Hedi ya injini yenyewe haipatikani, au inapatikana kwa bei isiyoshikika. Basi inatafutwa hedi ya injini ya ukoo huohuo lakini ya cc nyingine, inawekwa juu ya bloku (mwili wa injini wenye silinda), matundu ya boliti yanalingana, inafungwa. Gari inawaka. Mwenye gari analipa, anaondoka. Baada ya muda anarudi: gari inagonga ikipanda mlima, au inakula maji, au haina nguvu na plagi nyeupe kama chokaa.

Sisemi hedi zisibadilishwe. Zinabadilishwa dunia nzima, na wako mafundi wakubwa wanaofanya hivyo makusudi ili kupata injini bora kuliko ya kiwandani. Ninachosema ni kwamba boliti kulingana ni ushahidi mdogo kabisa. Injini za ukoo mmoja zimechorwa ziwe na boliti mahali pamoja kwa sababu kiwanda kinataka kutumia mashine zilezile za kutoboa. Hilo halikuambii lolote kuhusu ukubwa wa chemba (nafasi ya kuchomea mafuta ndani ya hedi), njia za maji wala njia za oili.

Kwanza tukubaliane: cc iko kwenye bloku. Ni kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni, basi. Hedi haiongezi cc wala haipunguzi. Mteja akiambiwa "nimekutilia hedi ya 1800, sasa gari yako ni 1800", amedanganywa. Na namba ya injini imegongwa kwenye bloku, kwa hiyo anayenunua gari iliyobadilishwa hedi hawezi kujua kwa kusoma kadi.

Tuchukue ukoo wa A wa Toyota, maana Corolla 110, Carina, Spacio za mwanzo na Premio za zamani bado zimejaa barabarani. 4A-FE ina silinda ya milimita 81 na mwendo wa 77, jumla cc 1587. 7A-FE ina silinda ileile ya 81, lakini mwendo ni 85.5, jumla cc 1762. 5A-FE ina mwendo wa 77 kama 4A, ila silinda ni 78.7, jumla cc 1498. Kwa jicho hedi zake ni ndugu. Ukiziweka tatu mezani bila alama, fundi wengi watakosea ipi ni ipi.

4A na 7A zina kipenyo kimoja, kwa hiyo mjadala wake ni mwepesi kidogo. 5A juu ya 7A ni jambo jingine. Chemba iliyokatwa kwa silinda ya 78.7 ukiiweka juu ya silinda ya 81, uso wa hedi unaingia ndani ya silinda milimita 1.15 kuzunguka pande zote. Ukigeuza, hedi ya 81 juu ya bloku ya 5A, unaacha ukingo wa bloku na ringi ya gasketi (kizibio kati ya hedi na bloku) wazi kwenye moto. Hapo gasketi itaungua tu, ni suala la lini.

Tuanzie hapo. Mwenye uzoefu aseme.

teksi_paje

Waalaykum salaam fundi. Umenigusa. Nina Premio ya 7A, imechemsha njiani natoka mjini na abiria. Hedi imepasuka kati ya valvu, tumeiona kwa macho. Nimepewa chaguo mbili: hedi ya 4A na hedi ya 5A. Ya 5A ni rahisi zaidi, na aliyenipa anasema "zote FE, hakuna tofauti, tena hedi ndogo inaongeza nguvu". Hii ya kuongeza nguvu ni kweli au ni maneno ya kuuzia?

fundi_kwerekwe

Ndani yake muna ukweli, ndiyo maana inauzika. Hedi ya injini ndogo mara nyingi ina chemba ndogo. Hewa ya silinda kubwa ikibanwa kwenye chemba ndogo, kompresheni inapanda, na kompresheni ikipanda kwa kiasi nguvu inaongezeka. Ikipita kiasi, petroli inalipuka kabla ya wakati, ndiyo ule mlio wa kugonga unaousikia ukikanyaga mafuta. Kugonga kukiendelea kunatoboa pistoni na kuvunja ringi. Kwa teksi inayobeba watu wanne na mizigo yao hadi Paje na kiyoyozi kimewashwa, uko kwenye mzigo muda wote. Usikubali neno "inaongeza" bila ya kuambiwa inaongeza kutoka ngapi hadi ngapi.

binti_mbweni

Naomba niingie hapo kwenye "kutoka ngapi hadi ngapi", kwa sababu hesabu yake ni ya darasani kabisa na kila fundi anaiweza. Tuliifanya tukiwa KIST, chuo cha sayansi na teknolojia cha Karume, kwa injini za mazoezi.

Kompresheni ni hivi: nafasi ya silinda pistoni ikiwa chini kabisa, gawanya kwa nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa. Ile inayobaki juu tuiite "kibakizi". Ndani ya kibakizi muna chemba ya hedi, unene wa gasketi, shimo lililo kichwani mwa pistoni, na pengo lolote kati ya pistoni na uso wa bloku.

7A-FE: cc 1762 kwa silinda nne ni 440.5 kila moja. Kompresheni ya kiwandani 9.5. Toa moja, ibaki 8.5. Gawanya 440.5 kwa 8.5, unapata kibakizi cha mililita 51.8.

4A-FE: 396.75 kwa silinda, kompresheni 9.5 pia. Kibakizi 46.7.

5A-FE: 374.5 kwa silinda, kompresheni 9.8. Kibakizi 42.6.

Sasa tuseme, kwa kukadiria upande mbaya kabisa, kwamba tofauti yote ya vibakizi iko kwenye hedi na pistoni zote ni sawa. Hedi ya 4A juu ya bloku ya 7A: 440.5 jumlisha 46.7, gawanya kwa 46.7. Ni 10.4. Hedi ya 5A juu ya 7A: 11.3. Kutoka 9.5 hadi 11.3 kwenye injini ambayo kompyuta yake imepangiwa 9.5, hiyo kaka yangu wa Paje ni kujitafutia balaa.

Lakini nasisitiza, hiyo ni kadirio la upande mbaya. Kiwandani huwa wanaweka sehemu ya tofauti kwenye pistoni, kwa kuichimba kichwani. Ikiwa pistoni za 7A zimechimbwa zaidi, hedi mbili zinaweza kukaribiana sana, na kompresheni haitasogea mbali. Huwezi kujua kwa kubishana. Unapima.

teksi_paje

Dada ahsante, nimefuata hesabu mstari kwa mstari. Unapima vipi chemba? Si ina umbo la ajabu?

binti_mbweni

Ina umbo la ajabu ndiyo, kwa hiyo hupimi kwa rula, unapima kwa kimiminika. Hedi iwe safi, valvu zimefungwa na springi zake, plagi imekazwa mahali pake. Igeuze uso juu, uilaze sawasawa. Paka grisi nyembamba ukingoni mwa chemba, laza juu yake kipande cha plastiki ngumu kinachoona ndani chenye tundu dogo pembeni. Kisha chukua bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, jaza mafuta ya taa au oili ya giaboksi ya otomatiki (ile nyekundu inaonekana vizuri), ingiza kupitia tundu mpaka povu lote litoke na chemba ijae. Hesabu mililita ulizotumia. Mililita moja ndiyo cc moja.

Fanya chemba zote nne. Zikitofautiana zaidi ya mililita moja hivi, hedi hiyo imewahi kusagwa vibaya au valvu zimezama, na nisingeifunga hata juu ya bloku yake yenyewe kabla ya kurekebishwa.

fundi_kwerekwe

Allah akulipe kheri, hii ndiyo lugha ninayoitaka kwenye uzi huu.

Niongeze: ukishapima hedi iliyopasuka na hedi unayotaka kuitia, huhitaji hata kujua kibakizi kizima. Unahitaji tofauti tu. Hedi mpya ikiwa ndogo kwa mililita 2, kibakizi cha 7A kinashuka kutoka 51.8 hadi 49.8, kompresheni inakwenda 9.8. Hilo linabebeka. Ikiwa ndogo kwa mililita 5, uko 10.4 na hapo fikiria mara mbili.

Kusaga nako kuingie kwenye hesabu. Kwa silinda ya 81, kila sehemu ya kumi ya milimita ukiiondoa kwenye uso wa hedi inakula hadi nusu mililita ya chemba. Hedi hizi za mtumba nyingi zimeshasagwa huko zilikotoka, zikasagwa tena hapa. Uso wa hedi ya Toyota hizi unatakiwa usipinde zaidi ya milimita 0.05. Mwenye mashine akiondoa nusu milimita nzima ili uso ung'ae, amekupunguzia hadi mililita mbili na nusu na hakukwambia.

duka_la_spea_ng'ambo

Mimi niko upande wa kuuza. Nataka niseme jambo moja ambalo wanunuzi hawaulizi. Hata 7A kwa 7A si moja. Ziko 7A za lini-ban zilizotengenezwa kwa soko la Japani, zile za kubana mafuta, na ziko za kawaida. Njia za hewa kwenye hedi na manifoldi yake (bomba la kugawa hewa kwa silinda) ni tofauti. Mtu ananiambia "nipe hedi ya 7A", nampa, anarudi na hasira kwamba manifoldi haikai. Njooni na hedi mbovu mkononi, au angalau picha ya upande wa manifoldi. Mimi sifurahi kuona mteja anarudi.

fundi_kwerekwe

Kweli kabisa, na inatuleta kwenye jambo la pili baada ya chemba: kompyuta na nozo (vipulizia petroli).

Injini hizi za FE kompyuta yake haipimi hewa moja kwa moja. Inasoma mgandamizo ndani ya manifoldi na mizunguko ya injini, kisha inakisia hewa kwa jedwali lililopangwa kwa cc za injini hiyo. Nimeona mtu amechukua hedi ya 4A na kila kilicho juu yake: manifoldi, nozo, na kompyuta ya 4A akaifunga pia, kwa sababu "soketi zimelingana". Bloku ni ya 1762, kompyuta inadhani inalisha 1587. Petroli inapungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Sensa ya oksijeni inajitahidi kurekebisha gari ikienda taratibu, lakini ukikanyaga hadi chini haisaidii. Hapo ndipo plagi zinapokuwa nyeupe na valvu za moshi zinaungua.

Kwa hiyo hedi ikibadilika, vilivyo vya bloku vibaki vya bloku: kompyuta, nozo, na tamingi belti (mkanda unaozungusha kamshafti). Bloku ya 7A ni ndefu kwenda juu kuliko ya 4A kwa sababu ya mwendo mrefu wa pistoni, na belti yake ni ndefu zaidi. Belti ya 4A haitafika.

muscat_unguja

Salaam zenu kutoka Muscat. Mimi mtu wa Malindi, niko huku miaka mingi, na kazi yangu ni injini za Kimarekani. Mjadala huu kwetu ni wa tangu enzi, kwa sababu Chevrolet walitoa injini ya V8 ndogo mwaka 1955 na wakaendelea na umbo lilelile la hedi kwa miongo, cc zikibadilika tu. Wanazihesabu kwa inchi za ujazo: 283, 305, 327, 350, 400. Hedi nyingi zinapanda juu ya bloku nyingi.

Mifano miwili inafaa hapa. Watu walikuwa wakichukua hedi za 305, baadhi zikiwa na chemba ya mililita 58, wakaziweka juu ya 350 iliyokuwa na hedi za mililita 76. Kompresheni inaruka karibu alama mbili nzima. Ndiyo hesabu ya yule binti, ila kwa silinda nane. Ukigeuza, ukachukua hedi yenye valvu kubwa ya kuingiza hewa ukaiweka juu ya bloku ya silinda nyembamba kama 283 au 305, valvu ikifunguka inaweza kugusa ukuta wa silinda. Boliti zimelingana zote.

Mfano wa pili ndio unaoniuma zaidi. Ile 400 ina silinda pana mno, karibu milimita 105, mpaka kuta za silinda zimeungana na maji hayapiti kati yake. Kiwanda kiliweka vitundu vya mvuke kwenye bloku na kwenye hedi, ili mvuke unaokusanyika juu pale kwenye maungio upate pa kutokea. Hedi ya 350 haina vitundu hivyo. Ukiifunga juu ya 400 bila ya kuitoboa, gari inachemsha na hutajua kwa nini: rejeta nzuri, pampu nzuri, thamostati nzuri. Nimeona watu wamebadilisha kila kitu isipokuwa hedi.

fundi_kwerekwe

Mzee wangu wa Muscat, nashukuru sana. Hili la njia za maji ndilo linaloua gari nyingi hapa kwetu, na halionekani mpaka gari ichemshe.

Njia ya kukagua ni rahisi. Chukua gasketi mpya ya bloku yako. Ilaze juu ya bloku, angalia kila tundu la maji na la oili. Halafu ilaze hiyohiyo juu ya hedi. Tundu lililo wazi kwenye bloku na limezibwa na uso wa hedi, jiulize kwa nini. Tundu la hedi linaloangukia nje ya ringi ya gasketi, au karibu mno na silinda, acha kazi hapo. Wengine hupaka rangi ya kalamu ukingoni mwa matundu ya hedi na kuibandika kwenye karatasi, wanapata ramani yake. Kazi ya dakika chache.

Na kwa hedi za mtumba, tazama ukingo wa matundu ya maji umeliwa kiasi gani. Hii ni aluminiamu. Upande wa kusini na mashariki, Paje, Jambiani, Makunduchi, watu wanajaza rejeta kwa maji ya kisima. Visima vya pwani vina chumvi, na mwamba wetu ni wa matumbawe kwa hiyo maji ni mazito kwa chokaa. Chumvi inakula aluminiamu, chokaa inaziba njia. Hedi inaliwa ukingoni mwa tundu mpaka ringi ya gasketi haina pa kukalia. Hata ukiisaga, kovu linabaki. Teksi ya Paje, bila shaka na wewe unalijua hili.

teksi_paje

Nalijua. Maji ya rejeta yangu yalitoka rangi ya kutu tulipofungua. Nimeshaamua, ya 5A siitaki. Kesho nakuletea hedi yangu iliyopasuka na hii ya 4A, tuzipime zote mbili, na gasketi ya 7A nanunua kabla. Kama tofauti ni ndogo tufunge, kama ni kubwa nitasubiri ya 7A itoke Dar. Teksi kukaa wiki mbili inaniumiza, lakini bloku ikitoboka ndiyo basi.

fundi_kwerekwe

Karibu. Njoo na boliti zako pia, usije na za kuokota. Za injini hizi zina urefu wa aina mbili, za upande wa kuingiza hewa na za upande wa moshi, na watu huzichanganya. Tunakaza kuanzia katikati kwenda nje kwa Nm 29 (kipimo cha nguvu ya kukazia), halafu nyuzi 90, halafu nyuzi 90 tena. Si kwa nguvu ya mkono na bomba la kuongezea.

kijana_crv

Mabwana, mimi nina CR-V ile ya kwanza, injini B20B. Nimesikia wenzetu nje wanaweka hedi ya B16A yenye VTEC (mfumo wa Honda wa kubadilisha ufunguaji wa valvu) juu yake. Inawezekana? Nataka ipae.

muscat_unguja

Mwanangu, inawezekana na imefanywa mara nyingi sana. Lakini elewa unachokinunua. B16A ni cc 1595, silinda 81 na mwendo 77.4. B20B yako ni cc 1972, silinda 84 na mwendo 89. Kwanza, VTEC inaendeshwa kwa shinikizo la oili, na bloku yako haikupangwa kuipeleka huko. Inabidi uzibe tundu la oili kwenye hedi na uvute bomba la nje kutoka pale sensa ya oili ilipo kwenye bloku. Bila ya hapo hedi haina oili ya kufanyia kazi. Pili, unahitaji kompyuta inayoijua VTEC na injini ya cc 2000 kwa pamoja.

Tatu ndilo kubwa. Hedi ya B16 inapata nguvu yake kwenye mizunguko 8000. Pistoni ya mwendo wa 77.4 kwenye 8000 inakwenda wastani wa mita 20.6 kwa sekunde. Pistoni yako ya mwendo wa 89 kwenye 8000 hiyohiyo inakwenda 23.7. Konrodi (mikono inayounga pistoni na krenki) na boliti za B20B hazikutengenezwa kwa hilo, na kuta za silinda zake ni nyembamba. Hedi itataka kwenda, bloku itakatika.

kijana_crv

Nimekuelewa mzee. Basi nisiguse mpaka nipate na konrodi?

muscat_unguja

Konrodi, pistoni, na mtu wa kuipanga kompyuta akiwa amekaa kando yako. Ukivikosa hivyo, CR-V yako ilivyo ni gari nzuri. Itunze.

mwanakarafuu_wete

Fundi wa Kwerekwe, kwa heshima zote, nami naona mnawatisha watu. Sie huku Pemba gari za abiria na za mizigo ni Hiace na Hilux za dizeli, injini za 2L, 3L na 5L. Msimu wa karafuu hazipumziki. Hedi za 3L tunazitia kwenye 5L tangu zamani na gari zinapanda vilima vya huku zimejaa. 3L silinda 96, 5L silinda 99.5, mwendo wote ni 96. Kwa maneno yenu hapo juu, zingeshakufa zote.

fundi_kwerekwe

Ndugu yangu wa Wete, sikutishi, na nafurahi umekuja, kwa sababu dizeli hizi ni tofauti kweli na sikuligusa hilo.

Hedi ya L uso wake ni bapa. Valvu zimelala usawa wa uso, na moto unaanzia kwenye kichemba kidogo cha pembeni ndani ya hedi, kisha unatokea kwenye shimo la pistoni. Kwa hiyo ule ukingo niliousema kwa petroli, wa chemba kuingia ndani ya silinda, hapa haupo kwa namna ile. Ndiyo maana 3L juu ya 5L inavumilika pale ambapo 5A juu ya 7A haivumiliki. Uko sahihi.

Sasa nikuulize mawili. Mnatumia gasketi gani? Na hedi hizo zinadumu kiasi gani kabla ya kupasuka pale kwenye kile kidonge cha chuma cha kichemba?

mwanakarafuu_wete

Gasketi wengine wanatia ya 3L kwa kuwa hedi ni ya 3L, wengine ya 5L. Kupasuka zinapasuka, lakini 2L na 3L zimezoea kupasuka hata zikiwa mahali pake.

fundi_kwerekwe

Hapo ndipo nataka tusimame.

Gasketi ifuate silinda kubwa, siku zote. Ringi ya gasketi ya 3L imekatwa kwa silinda ya 96. Ukiiweka juu ya bloku ya 99.5, ringi inaning'inia ndani ya silinda. Na kwenye dizeli hizi pistoni inachomoza juu ya uso wa bloku. Inaweza kuigonga ringi. Isipoigonga, moto unaila. Anayefunga hivyo asilaumu hedi.

Ukitumia ya 5L ringi imekaa sawa kwenye bloku, lakini angalia inapokalia kwenye hedi. Kile kidonge cha kichemba kinashikiliwa kwa sehemu na ringi ya gasketi. Silinda ikipanuka ringi inasogea nje milimita 1.75, na kidonge kinaweza kubaki kimeshikwa kidogo kuliko kiwanda kilivyokusudia. Paka rangi, bandika, uone ringi inapita wapi juu ya kidonge. Hili sijaona mtu analifanya huku wala huko.

Unene wa gasketi nao. Gasketi za dizeli hizi zinatoka kwa unene tofauti, na unachagua kwa kupima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku. Kompresheni yake ni takriban 22 kwa 1, kibakizi ni kidogo mno. Kwa 5L, cc 2986, silinda moja ni 746. Gawanya kwa 21: mililita 35 na nusu tu. Silinda ni pana, kwa hiyo sehemu ya kumi ya milimita ya gasketi ni karibu mililita 0.8. Nyembamba kupita kiasi, pistoni inagusa valvu. Nene kupita kiasi, asubuhi gari haiwaki bila ya kusukumwa.

Na jambo la mwisho kwa 2L: zile za mwanzo zina roka (vikono vya kusukuma valvu), za baadaye na 3L kamshafti inakandamiza valvu moja kwa moja. Mtu asikuuzie "hedi ya 2L" bila ya kukufungulia kifuniko cha valvu.

binti_mbweni

Kwa kupima pistoni ilivyochomoza: ukiwa na saa ya kupimia (kipimo chenye mshale kinachosoma sehemu ndogo za milimita), iweke sifuri juu ya uso wa bloku, isogeze juu ya pistoni, zungusha krenki taratibu, soma pale inapofika juu kabisa. Pima sehemu mbili za kila pistoni, usawa wa pini yake, maana pistoni inayumba. Chukua ile iliyochomoza zaidi kati ya nne, ndiyo ichague gasketi.

mwanakarafuu_wete

Kweli, kupima pistoni hatujakuwa tukipima. Tunatazama gasketi ya zamani ilikuwa na alama gani tunanunua kama hiyo.

fundi_kwerekwe

Kwa injini ambayo haijaguswa, hiyo ni njia nzuri. Ikishabadilishwa pistoni, au bloku ikishasagwa uso, alama ya zamani haikuambii kitu.

mwanakarafuu_wete

Basi ninayo moja gereji sasa hivi, 5L ya Hiace ya Wete na Chake, hedi ya 3L imo njiani inakuja kwa boti ya Mkoani. Saa ya kupimia yuko mtu skuli ya ufundi anayo, nitaiazima. Nikishapata vipimo vya pistoni zote nne na picha ya ile rangi kwenye kidonge, nitaviweka hapa. Unataka nipime na nini kingine?

fundi_kwerekwe

Kina cha valvu kwenye uso wa hedi, zote nane, kwa venia (rula ya vipimo vidogo). Za mtumba huwa zimezama kwa kusagwa viti mara nyingi, na zikizama kibakizi kinakua, kompresheni inashuka, na utalaumu gasketi. Na kabla ya yote, kabla ya kulipa hata shilingi ya kusaga, ipeleke ikapimwe mpasuko kwa upepo na maji ya moto. Hedi ya 3L iliyopoa huficha mpasuko. Ikipata moto inaonyesha.

Weka vipimo hapa, dada wa Mbweni atatusaidia hesabu.